Mtoto ana usonji, mama anapokewa na nani?

Mzazi mwenye mtoto wa usonji (autism kwa Kiingereza), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, awe wa Arusha au wa Moshi, ameshazoea maswali matatu. Ameshaanza kuongea? Mmempeleka hospitali gani? Mmejaribu kumwombea? Anaulizwa nje ya kanisa baada ya ibada, anaulizwa msibani, kwenye kikoba, hata dukani kwa Mangi alipofuata robo ya sukari. Wengi wanaouliza wana nia njema kabisa. Ila maswali yote ni ya mtoto. Hakuna anayeuliza mama mwenyewe jana alilala saa ngapi, ile biashara yake ya mitumba iliishia wapi, au yule dada mtu aliyeko darasa la sita anasoma muda gani wakati jioni nzima yeye ndiye mlinzi wa mdogo wake.

Uelewa umepanda, hilo lazima tulikubali. Tarehe 2 Aprili, siku ya uelewa wa usonji ambayo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitenga mwaka 2007 na dunia ikaanza kuiadhimisha 2008, fulana za bluu zinaonekana hata huku kwetu, redio zinaalika wataalamu, wazazi wanatoka na watoto wao mchana kweupe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, shule ya msingi yenye wanafunzi elfu moja ungetarajia iwe nao kama wanane, kama wote wangekuwa wameandikishwa. Si jambo la nyumba moja iliyolaaniwa kule bondeni.

Lakini familia inaweza kujua kila kitu kuhusu usonji na bado ikazama. Nimeona nyumba ambazo mama anaweza kumfundisha daktari kijana dalili zote, anakuelezea kwa nini mwanawe anarudia maneno ya tangazo la redio badala ya kujibu swali, na bado mama huyo huyo amekonda, amefukuzwa kazi, hajakaa na shoga zake tangu mtoto alipoanza kutembea. Kinachoimaliza nyumba hiyo ni mpangilio wa kazi. Malezi yote, usiku na mchana, yamewekwa juu ya mtu mmoja asiye na wa kumpokea. Ningepewa nafasi ya kubadili kitu kimoja tu katika maisha ya familia hizi, nisingeanza na mashine wala dawa. Ningeanza na mtu wa pili.

Katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, watafiti walitengeneza dodoso la kupima ubora wa maisha ya familia yenye mtoto mwenye ulemavu. Lina vipengele 25 katika maeneo matano: namna wanafamilia wanavyoishi pamoja, malezi, hali ya moyo, afya na mali, na mwisho msaada unaohusu ulemavu wenyewe. Tazama mgawanyo huo. Ulemavu wa mtoto una eneo moja kati ya matano. Mengine manne ni ya nyumba nzima. Dodoso linataka kujua kama kuna marafiki wanaowashika mkono, kama wanafamilia wanapata muda wa mambo yao wenyewe, kama msongo una pa kutokea. Huwa naipitisha orodha hiyo kichwani kwa nyumba ninazozifahamu, za Kwa Mrombo, za Pasua, za Kiborloni. Kwenye kupendana nyingi zingepata alama nzuri sana. Kwenye muda zingepata sifuri.

Soko la Mbuyuni, Moshi, kuna mama muuza nyanya ambaye mwanawe, wa miaka kama minane, hasemi. Mama amefunga pindo la khanga kiunoni mwake, pindo la pili kiunoni mwa mtoto, katikati pamebaki kama hatua mbili. Mtoto ana vizibo vya soda kwenye kopo la mafuta ya kupaka. Anavitoa kimoja kimoja, anavipanga juu ya ukingo wa meza, vyote vikiangalia juu, kisha anavirudisha na kuanza upya. Akiwa hapo ametulia kabisa. Bodaboda ikipita na kupiga honi karibu, anaziba masikio kwa viganja, anajitupa chini kwenye maganda, khanga inavutika, mama anayumba na mzani mkononi. Mteja mmoja anasema mtoto hana adabu, achapwe. Mwingine anasema mtu gani anamfunga mtoto kama mbuzi. Mama hajibu yeyote. Anainama, anamkumbatia mtoto kwa nguvu kwa nyuma, anasubiri, kisha anamalizia kupima nyanya.

Mtoto huyo aliyeshtushwa na honi hana utundu. Kwa watoto wengi wenye usonji sauti kali, mwanga, kitambaa kinachochoma shingoni au harufu ya dagaa inaingia mwilini kwa kishindo ambacho sisi hatukisikii, na fimbo haiwezi kushusha sauti ya honi. Lakini ninachotaka kukitazama zaidi ni ile khanga. Waliomsema mama waliona ukatili. Mimi naona nafasi ya mtu asiyekuwepo. Angekuwepo shangazi, mdogo wake, jirani, yeyote wa kukaa na mtoto kuanzia saa mbili hadi saa sita, khanga ingekuwa begani inakostahili. Ukisikia mtoto amefungiwa ndani maeneo ya Unga Limited au amefungwa kamba migombani huko mlimani, kabla ya kuita polisi na kamera uliza kwanza mama alikuwa ameenda wapi. Mara nyingi alikuwa ameenda kuteka maji au kutafuta hela ya unga. Sisemi kufungwa ni sawa. Ni hatari, watoto wameungua na kuzama kwa namna hiyo. Nasema hukumu yetu inaishia kwa mtu ambaye amebaki peke yake kazini.

Uchovu huu umepimwa, hatuuzungumzi kwa huruma tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison waliwafuatilia kina mama wa vijana na watu wazima wenye usonji, siku kwa siku, na kuwapima kortisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokabiliana na msongo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kiwango kilichoshuka, mpangilio unaofanana na wa watu walioishi na msongo kwa muda mrefu, wakiwemo wanajeshi waliotoka vitani. Kina mama hao walikuwa wakitumia saa mbili zaidi kila siku kwenye kulea kuliko kina mama wengine, na kazini walikatizwa mara nyingi zaidi. Mwili wao ulikuwa umefika mahali pa Luku inayolia huku taa bado zinawaka, na aliyemo nyumbani ameshazoea mlio wenyewe.

Na katika utafiti huo huo lilijitokeza jambo ambalo hulisikii likisemwa: kina mama hao walikuwa na matukio ya furaha katika siku yao sawasawa na wenzao. Hili wazazi wa huku wangekuambia bila utafiti. Mtoto asiyesema akikushika mkono mwenyewe akakupeleka hadi kwenye ndoo ya maji na kuigusa, baada ya miaka mitatu ya kulia bila kueleza, ni siku ya sherehe nyumbani. Kwa hiyo tukisema maisha ya familia hizi ni mateso matupu tunadanganya, na tukizipamba kwamba wamebarikiwa malaika wa pekee tunadanganya pia. Watu wanapenda sana hadithi ya kipaji, mtoto anayejua kalenda ya miaka mia au kupiga kinanda bila kufundishwa. Wapo, wachache. Yule wa vizibo vya soda hana haja ya kuwa na kipaji ili mama yake astahili kupumzika.

Kulaumiwa ndiyo sehemu ya pili ya uchovu, na si jambo tulilolianzisha sisi. Mwaka 1943, Leo Kanner, daktari wa watoto na magonjwa ya akili huko Marekani, alieleza habari za watoto 11 ambao leo tunaihesabu taarifa yao kama mwanzo wa utambuzi wa usonji. Katika miaka iliyofuata ilienea nadharia kwamba chanzo ni mama baridi, asiyempenda mtoto wake. Wasomi wenye vyeo waliishikilia. Aliyeipinga kwa hoja nzito, mwaka 1964, alikuwa mwanasaikolojia Bernard Rimland, naye alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji. Leo inajulikana kwamba urithi wa vinasaba una sehemu kubwa sana, na kwamba ubaridi wa mama hauhusiki. Chanjo nayo haihusiki: makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji kwa kutumia watoto 12 tu, jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010.

Huku kwetu mama halaumiwi kwa ubaridi. Analaumiwa kwa alichokula akiwa mjamzito, kwa mali ya ukoo wa kwao, kwa ndoa iliyofungwa bila baraka za mzee fulani, au kwa katuni: "Si unamwachia tivii kutwa nzima!" Tivii ya kutwa nzima haimfai mtoto yeyote anayejifunza lugha, kweli. Usonji haileti. Na kuna bibi zetu wanaosema ulimi umeshikwa chini, akakatwe, au kwamba watoto wa kiume wote huchelewa kuongea, tulia. Hilo la kutulia linaiba miaka. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, asiyenyoosha kidole kukuonyesha kitu, apelekwe akaangaliwe, na kama ni uziwi ujulikane, na kama ni usonji ujulikane.

Kuhusu kutafuta uponyaji sitasema mengi. Wakazi wa mkoa wa Arusha tunakumbuka mwaka 2011, magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Mtu asiyepewa msaada wa kuishi na jambo atatafuta wa kuliondoa, iwe kwa kikombe, kwa mafuta ya upako, au kwa vidonge vya virutubisho vinavyouzwa kwenye makundi ya WhatsApp. Wengine siku hizi wanaambiwa wamwondolee mtoto ngano na maziwa, jambo ambalo ushahidi wake ni mwembamba. Ugali wa mahindi hauna gluteni, ile protini ya ngano, hata chembe, kwa hiyo watoto wetu wengi siku nyingi hula bila ngano, na usonji wao upo pale pale.

Turudi nyumbani, kwa baba. Kuna takwimu inayozunguka kwamba asilimia 80 ya ndoa zenye mtoto wa usonji huvunjika. Haina msingi. Utafiti mwingine wa Wisconsin, uliotoka 2010 na kuwaangalia wazazi 391, ulikuta karibu 24 kati ya kila 100 walikuwa wameachana, ikilinganishwa na 14 kwa wazazi wengine. Ni tofauti kubwa, ila wengi walikuwa bado pamoja. La kutafakari ni wakati: kwa wazazi wengine hatari ya kuachana ilipungua mtoto alipopita umri mdogo, kwa hawa ilibaki juu hadi mtoto anakuwa kijana. Maana yake ni kwamba kazi haipungui, na ndoa inaendelea kubeba mzigo ule ule mwaka wa kumi na tano kama ilivyoubeba mwaka wa tatu.

Hizo ni takwimu za Wamarekani, na huku kwetu baba hahitaji mahakama ili aondoke. Anaenda Mirerani kwenye machimbo ya tanzanite kutafuta, anatuma hela, baadaye anatuma ya mafuta ya taa tu, baadaye simu haipatikani. Wapo wanaobaki, na nisingependa wafichwe na wale walioondoka. Namjua fundi seremala wa Sakina anayemwogesha mwanawe mwenye miaka kumi kila jioni, kwa sababu mtoto anakubali maji kutoka kwake na si kwa mwingine. Majirani walianza kwa kumcheka kwamba amelishwa limbwata. Lakini ukimuuliza mkewe kilichookoa ndoa yao, hatakuambia mapenzi. Atakuambia ile saa moja kati ya magharibi na chakula cha usiku, anapokaa nje peke yake bila kuitwa.

Na ndugu? Hapa ndipo tunapojisifu. Tunasema sisi Waafrika tuna familia pana, hatuhitaji nyumba za kutunzia watu kama Wazungu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 nayo inawapa ndugu wajibu wa kumtunza mwenzao mwenye ulemavu. Kwenye karatasi ni ukoo mzima. Nyumbani ukoo huo unageuka mwanamke mmoja na binti yake. Ndugu hao hao wanaoweza kuchanga milioni nne za msiba kwa siku mbili hawajawahi kumchukua mtoto huyo Jumamosi moja. Tunayo hata methali ya kujitetea nayo: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Basi tunamwachia mzazi uchungu wake na kwenda zetu.

Sidhani ni roho mbaya. Ndugu wengi wanaogopa. Hawajui wafanye nini mtoto akianza kujigonga kichwa ukutani, hawajui kwamba analalia upande mmoja tu, kwamba hali chakula kilichochanganywa, kwamba degedege likimshika asiwekewe kijiko mdomoni. Usonji na kifafa hukutana kwa watoto wengi kiasi. Mtu asiyejua atakataa, na ana haki ya kukataa, kama ambavyo hakuna anayekubali kuachiwa gari asilojua kuliendesha. Mama naye ana hofu yake, nzito zaidi. Mtoto asiyeweza kusema ni windo jepesi kwa mnyanyasaji, na kina mama wanalijua hilo kuliko sisi tunaowashauri waajiri dada wa kazi. Ukimwambia "mwachie mtu upumzike", anasikia "mwachie mtu usiyemjua mtoto ambaye hataweza kukueleza alichofanyiwa."

Kwa hiyo mtu wa pili lazima awe mtu anayejulikana na aliyefundishwa, na ikiwezekana wawe wawili, mahali panapoonekana. Hilo si jambo la ndoto kwa miji hii miwili. Pale Tengeru kuna Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Pale KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, kuna chuo kinachofundisha tiba kwa vitendo, wataalamu wanaojua namna ya kumfundisha mtoto kuvaa, kula na kuvumilia kelele. Mikoa mingapi Tanzania ina vyote viwili ndani ya kilomita themanini? Kuna vituo pia: Gabriella kwa upande wa Moshi, Sibusiso na Step by Step kwa upande wa Arusha, na Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT imekuwa na vituo vya kutwa kwa watoto wenye ulemavu wa akili. Ujuzi tunao. Hauingii majumbani.

Ujuzi wenyewe si wa miaka mitano. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa makuzi, wakiwemo wenye usonji: vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na wanaofundisha si lazima wawe mabingwa, anaweza kuwa muuguzi, mwalimu au mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mlezi anajifunza namna ya kucheza na mtoto, kumpangia siku isiyomshtua, kusoma tabia kama ujumbe, na ndani ya vikao hivyo wanazungumzia pia afya ya mlezi mwenyewe. Ningebadili jambo moja tu huku kwetu. Mama asikubaliwe kuja peke yake. Aje na bibi, au na shemeji, au na jirani, mtu ambaye siku ya kikao cha mwisho anaweza kubaki na mtoto nusu siku. Kumfundisha mama peke yake ni kumwongezea kazi nyingine juu ya zile alizonazo, kisha jioni aulizwe mbona hajafanya mazoezi na mtoto.

Na wanachuo wa Patandi wanapokwenda fildi, kwa nini fildi iwe darasani tu? Wawili wawili, chini ya mkufunzi, wangeweza kushika watoto sita kwenye ukumbi wa usharika kila Jumamosi asubuhi. Kumbi zipo, zimefungwa hadi Jumapili. Hiyo ingekuwa elimu kwao na saa nne kwa familia sita. Afisa ustawi wa jamii wa kata angekuwa na kazi ya kweli ya kuratibu, badala ya kuitwa siku ambayo mtoto ameshakutwa amefungwa.

Mifumo mikubwa nayo imejengwa kana kwamba muda wa mama ni bure. Serikali ilifuta ada shule za msingi, jambo zuri, lakini kitengo cha elimu maalumu kikiwaruhusu watoto saa tano na nusu, mama hawezi kuajiriwa popote. Ameokoa ada, amekosa mshahara. Mwaka 2023 utaratibu wa Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto ya shilingi 50,400 kwa mwaka, ulipobadilishwa, mtoto wa mzazi asiye na bima akatakiwa asajiliwe kupitia shule. Ulipigiwa kelele sana, na wengi walisema kuhusu wachanga. Wachache walimsemea mtoto wa miaka saba aliyekataliwa na shule mbili kwa sababu anakimbia darasani. Huyo alikosa dawati, na kwa kukosa dawati akakosa kadi. Kliniki nazo: mama wa Longido au wa Rombo anapanda gari alfajiri na mtoto anayelia njia nzima, anasubiri hadi saa saba, anapewa dakika kumi na tano na tarehe ya kurudi. Akikosa tarehe hiyo, faili linaandikwa kwamba mzazi hana ushirikiano.

Mtoto huyu atakua. Hapo ndipo mazungumzo yetu yanapokatika kabisa, kwa sababu mabango yote yana picha za watoto wadogo. Kijana wa miaka kumi na tisa mwenye nguvu za mwanaume, anayehitaji kunyolewa ndevu na kukumbushwa kuoga, hayumo kwenye bango. Huko mlimani suala hili linagusa ardhi moja kwa moja. Kwa mila ya Wachaga mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, shamba la ukoo linaloizunguka, na kuwatunza wazee. Je, kitinda mimba akiwa ndiye mwenye usonji? Nimesikia pande zote mbili. Kuna koo zilizomruka kimya kimya, kihamba kikahamia kwa kaka wa Dar anayekuja mara moja kwa mwaka, na kijana akabaki kama mgeni kwenye migomba ya baba yake. Na kuna ukoo mmoja wa Kibosho waliomwandikia kihamba yeye, wakamteua binamu kuwa msimamizi, na kukubaliana kwamba anayemtunza ndiye anayechuma kahawa na ndizi kwa mwaka huo. Mkataba huo una kasoro zake, binamu anaweza kugeuka. Lakini angalau kazi ya kumlea ilipewa thamani ya kitu kinachohesabika, na jina la mtu likawekwa pembeni yake.

Disemba magari yatapanda tena mlimani, vikao vya ukoo vitakaa, na ajenda tunazijua: makaburi, mpaka wa kihamba, mchango wa ukuta, nani hajalipa. Familia yenye mtoto wa usonji iombe ajenda moja zaidi, kabla ya mengineyo. Nani anamchukua Jumamosi ya kwanza ya Januari, nani ya pili, nani ya tatu. Anayesema hajui kumshika aandikwe wa nne, ili apate wiki tatu za kuja kujifunza kwa mama. Katibu aandike majina na namba za simu kwenye muhtasari, kama anavyoandika ya wadaiwa.